Wastani Hauwaki

Saa nane ya usiku, kaskazini ya Chennai,
nakwangua kikombe cha kauri kwa ncha ya kijiko.
Gramu moja iliingia motoni.
Kilichobaki nakipima, nakiandika:
makaa ya Talcher, jivu arobaini na moja kwa mia.
Ya Kalimantani, sita.

Ya Talcher huja kwa meli na udongo wake,
kama mtu aliyehama akakataa kuacha mawe ya kizingiti.
Ya ng'ambo huja mepesi, yamelowa, yanang'aa,
na hasira zake ziko karibu:
yarundike, yakose kugeuzwa siku kadhaa,
yatajiwasha yenyewe tumboni mwa lundo
bila kiberiti, bila kelele.

Sanatan Pradhan, mchota sampuli,
huinua bonge la Talcher hadi puani.
"Haya ya kwetu," husema. "Yananuka mvua ya Juni."
Mimi nasikia vumbi tu.
Miaka sita, sijamwambia.

Mhandisi Thirunavukkarasu ameagiza
sabini ya nyumbani, thelathini ya mgeni,
wastani wa jivu thelathini na nusu.
Hesabu ni sahihi. Nimeirudia mara mbili.
Ila boila haijui kusoma.

Mama yangu, Valliammai, alichanganya mchele.
Mnene wa duka la mgawo, wenye harufu ya gunia,
na mwembamba, kilo mbili za kununua, za mwezi mzima.
Hakuutia wote pamoja.
Mnene ulitangulia kwenye maji,
mwembamba ulisubiri kwenye ungo
mpaka mama abonyeze punje kwa kidole, aitikie kwa kichwa.
"Ukiuharakisha," alisema, "huu utakuwa uji
na ule bado changarawe."
Tulikula watu wanane
na hakuna aliyejua ni upi ulio mdomoni mwake,
isipokuwa usiku mmoja mama akiwa na homa,
dada akapika, na sahani ya Kathirvel
ikapata mnene mtupu.
Alikula. Hakusema kitu.
Mama, kutoka mkekani, alimwona akitafuna.

Jumanne iliyopita mashine ya kuchanganya iliharibika.
Matingatinga yakasukuma saa nzima Talcher,
saa iliyofuata ya mgeni.
Kwenye daftari: sabini kwa thelathini.
Kwenye mkanda: njaa, kisha shibe.
Saa kumi mwali ukapepesa kama jicho la mgonjwa.
Kisha ukaruka juu, mkali, mahali pasipo pake,
na jivu likayeyuka, likaganda kwenye mabomba
kama sukari guru iliyoungua chini ya chungu.
Jivu la Talcher peke yake lingestahimili joto lile.
La mgeni peke yake, nililijaribu, lingestahimili.
Yalipokutana vibaya yalilainika yote mawili.
Bonge likaanguka. Jengo likatetemeka.
Vikombe vyangu vikagongana kabatini.

Mtambo ukazimwa.
Nyumbani, feni ilisimama,
na mwanangu Iniyan akaamshwa na ule ukimya.
Asubuhi alinikuta mlangoni sijavua viatu.
"Amma, umeupeleka wapi umeme?"

Mhandisi alinitaka nambari. Nikampa.
Thelathini na nusu, ileile.
Akaitazama muda mrefu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili
na bado anahisi ameibiwa.

Usiku huu nimemwambia Sanatan
asichote ngozi ya lundo.
Achimbe hadi kwapani, hapa, pale,
na pale panapofuka moshi kidogo.
Analeta ndoo kumi na mbili, akilaani kwa lugha yake.
Nazichoma kila moja peke yake.
Nambari kumi na mbili, hazifanani,
naziandika zote kwa wino,
na mahali pa wastani
naacha wazi.

Kabla hajaondoka nachukua bonge la Talcher.
Nalinusa.
Anangoja, koleo begani.
"Juni?" anauliza.
"Vumbi," nasema,
naye anacheka mpaka anakohoa.