Kuhesabu Nyumba

Kioo cha kuzamia nilikinunua Birere,
chini ya rundo la viatu visivyo na wenzao.
Ndani ya ukanda, kwa wino uliopauka,
jina la mtu, nusu limefutika, kisha neno Galway.
Muuzaji akasema hiyo ni Ayalandi,
kuko bahari ya baridi, inauma mpaka kwenye jino.
Yeye mwenyewe hajafika hata Sake.
Nikampa nusu ya alichotaka.

Mkuki ni nondo nyembamba niliyoinoa juu ya jiwe,
mpira wake ulikuwa tumbo la tairi la pikipiki.
Nauvuta hadi kifuani. Nauachia.
Mara nyingi nalisha maji.

Wengine wakizama huhesabu moja, mbili, tatu.
Mimi nahesabu nyumba.
Naanzia juu, avenyu yetu ilipoachana na lami,
nashuka kiwanja kwa kiwanja
jinsi ulivyoshuka ule moto Januari ile,
bila haraka, kama mdai
anayejua huwezi kukimbia na nyumba.

Kwa Paluku fundi saa.
Kwa mapacha wa Kanyere, geti la bluu.
Kwa Nsimire, cherehani mbili, moja mbovu.
Kwa pasta asiyelipa maji.
Masikio yanabana. Nameza mate, naendelea.
Kwa Muhindo mwenye mbwa.
Kwa mjane wa Muhindo. Ni nyumba ileile,
naihesabu mara mbili,
maana hata pumzi hutaka mahali pa kuketi.
Kwetu.

Hapo kifua huanza kupiga hodi.
Hapo hugeuka.

Chini kule moto umelala, mweusi, umekunjamana
kama shuka la mgonjwa aliyeamka usiku.
Sambaza wanapita juu yake, misumari iliyomwagika.
Tilapia wamejichagulia matundu, wamehamia,
hawakuuliza hati, hawakumwona chifu wa avenyu.
Kuna upande siendi kabisa,
ule wa mapovu yanayopanda bila mtu chini yake.
Mazuku haina harufu. Ililaza mbuzi wetu watatu
asubuhi moja, macho wazi, majani bado mdomoni.

Nikiibuka nashika mwamba, natema, natetemeka.
Sijui yule wa Galway alihesabu nini.

Samaki wangu humpelekea Mama Vumilia, Kituku.
Hupima kwa kiganja, hukosea kwa faida yake.
Kila siku swali moja: Leo umefika wapi?
Kwetu, namjibu.
Mimi niko nyumba mbili mbele, anasema,
kisha anaendelea kupaa magamba.

Jana nilimwona mkubwa, pezi la mgongo limechanika.
Akaingia kwenye ufa bila kunitazama.
Kwetu. Kifua kikapiga hodi, sikufungua.
Kwa Rwizibuka wa makaa.
Maji yakawa mazito, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Kwa Mama Vumilia.

Sikuona sufuria. Sikuona mlango.
Tundu tu, na ndani yake yule samaki, ubavu kwangu,
jicho moja la mwenye nyumba
anayesubiri useme kilichokuleta.
Nikaachia. Nondo ikagonga mwamba,
mlio nikausikia kwa meno.

Nilipanda mikono mitupu, damu puani,
nikaenda Kituku hivyohivyo, nimelowa.
Leo umefika wapi?
Kwako.
Kisu kikasimama katikati ya samaki wa mtu mwingine.
Kuko nani?
Mpangaji.
Analipa?
Bado.

Akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo,
akacheka na kufuta macho kwa kiwiko
kwa sababu ya magamba, akasema, kwa sababu ya magamba.
Kisha akanifungia sambaza kwenye karatasi ya daftari,
franka zangu akazirudisha.

Ukirudi kule, akasema, mwambie
mlango wa jikoni hukwama wakati wa mvua.
Asivute.
Asukume kwa bega.