Uzi wa Veikko

Kutoka Helsinki hadi Tokyo
ni kilomita elfu saba na mia nane na ushei,
kama kunguru angepewa ruhusa.

Veikko Rautio, fundi cherehani mstaafu,
mtaa wa Kallio, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
haamini tarakimu asiyoipima mwenyewe.
Ana tufe la dunia alilonunua
siku shule ilipouza madawati yake ya zamani;
lina nchi ambazo hazipo tena
na doa la wino katikati ya Pasifiki.
Pini moja hapa. Pini ya pili kwa Outi,
bintiye, mke wa mrekebisha piano.
Kati yao, uzi mweusi wa kushonea makoti.

Ukiuvuta ukakaza, uzi haufuati
mstari wa ramani ya ukutani.
Unapanda, unaukwea mgongo wa Siberia,
unateremkia bahari, umefika.
"Shibiri moja," alizoea kusema,
akitandaza kiganja juu ya misitu ya watu.
Saa tisa za angani: unakula, unasinzia,
unakula tena, mjukuu huyo mlangoni.

Kisha vita. Kisha anga likatiwa komeo.

Miji haikusogea. Hakuna aliyehamisha
jiwe moja la Helsinki,
wala ngazi moja ya stesheni za Tokyo.
Lakini ndege sasa hupanda hadi utosini mwa dunia,
huvuka ncha, hushukia upande wa Alaska,
saa kumi na tatu,
na uzi wa zamani hautoshi.
Veikko akaunga kipande kingine.
Fundo. Yeye, aliyewafokea wanagenzi
miaka arobaini kwa sababu ya mafundo!
Shibiri na nusu.

"Baba, usije," Outi akasema kwenye simu. "Magoti yako."
"Magoti sikuyapima."

Akaenda mwezi wa Machi, koti la mtoto mapajani,
sufi ya kijivu, vipimo alivyotajiwa kwa simu.
Juu ya barafu rubani akatangaza: hapa ndipo.
Hapa hakuna mashariki wala magharibi.
Mbele kusini. Nyuma kusini.
Jua lilikaa ukingoni, jekundu,
kama mgeni asiyejua aage au aketi.
Mhudumu akamgawia cheti cha kuvuka ncha;
Veikko akakikunja, akafutia miwani.

Rento alimpokea kwa kuinama, kisha akasahau adabu
akamrukia shingoni.
Koti likavaliwa palepale, uwanja wa ndege,
watu wakipita na masanduku yao.
Mabega, sawa. Kifua, sawa.
Mikono imepelea vidole vitatu.

"Vipimo vya Oktoba," Outi akanong'ona, kama anayeungama.

Mzee akachutama, goti likalia,
akatoa kimkasi kwenye mkoba wa mwanawe,
kwani chake walikuwa wamemnyang'anya Helsinki.
"Niliacha upindo," akasema.
Akafumua, mshono kwa mshono, bila haraka.

Upindo ukatoa vidole viwili.
Cha tatu kikabaki wazi,
baridi ya Machi ikikilamba
njia nzima hadi nyumbani.