Saa Sita na Robo

Mara ya kwanza nilimchapa.
Niseme hilo kabla ya yote,
maana siku hizi wageni wakija shuleni hunipa mkono,
na mkono ni huu huu.

Alikuwa chini ya dawati, magoti kidevuni,
anahema kama kuku aliyeona kisu.
Nikadhani utundu. Ubao umejaa sehemu,
tatu juu ya nne, moja juu ya nane,
na mimi mchana sina subira.

Hapa Pongwe machimbo hupiga baruti.
Sisi tumezaliwa na mlio huo:
vikombe vinagongana kabatini,
vumbi la chokaa linatua kwenye sare,
nasi tunamalizia sentensi tuliyoianza.
Yeye alikuwa na wiki mbili tu.

Jina lake Amadi. Katoka ng'ambo ya Ruvuma,
kapokewa na bibi yake kwenye kambi ya mkonge,
Bibi Nambunga, ambaye naye alivuka
enzi nyingine, vita vingine,
akakata mkonge hadi mgongo ukajikunja.
Ndiye aliyekuja ofisini.
"Mwalimu, kule kwao kishindo
hakikuwa cha mawe."
Hakuongeza neno. Akaomba maji ya kunywa.

Chuoni walitufundisha maandalio ya somo:
malengo, zana, tathmini.
Sikumbuki ukurasa wa mtoto
anayejua idadi ya hatua
kutoka mlangoni hadi msituni, gizani.

Nikapanda machimboni, kiatu kimoja kikinibana,
nikamtafuta msimamizi wa baruti, Shekiango.
Nikamwomba saa.
"Saa tu?"
"Saa tu. Na usinidanganye."

Basi ubaoni, kona ya kulia,
chini ya tarehe na idadi ya waliohudhuria,
wa zamu huandika:
Leo baruti, saa sita na robo.
Ikikaribia tunafunga madaftari.
Darasa zima, sitini na wawili, na mimi na unene wangu,
tunaingia chini ya madawati.
Huko hakuna mwoga, maana hakuna aliyebaki juu.
Semkiwa, ambaye hesabu zinamshinda,
ndiye anayehesabu kwa sauti: kumi, tisa, nane...
Ardhi inacheza. Lazima mmoja acheke.
Tunatoka, tunapangusana vumbi.

Mkaguzi akauliza, hili ni somo gani?
Nikamjibu: kutoa.

Sisemi amepona.
Ile kengele ya rimu tumeiacha ining'inie,
tunaitana kwa makofi.
Bado anachora nyumba zisizo na milango,
nami siulizi; namchongea penseli.
Na siku walipotangulia dakika ishirini
tulirudi mwanzo kabisa. Siku tisa hakutamka kitu.
Shekiango mwenyewe alishuka kuomba radhi,
kofia ngumu kwapani,
akamwomba radhi mtoto, si mwalimu mkuu.

Fimbo yangu sasa ni ya kuonyeshea ramani.
Jana Amadi aliiomba.
Akaanzia Tanga, akashuka na pwani taratibu,
Lindi, Mtwara, hadi kwenye mstari wa mto.
Ncha ikasimama hapo. Darasa kimya.
Nikamwambia, "Si lazima uvuke."
Akasema, "Najua,"
akanirudishia fimbo
kwa mikono miwili.