Amri ya Kusubiri

Shule yetu haina kengele.
Ina tanuri lililopoa tangu mwoka mikate alipofariki,
na ndani ya tanuri, waya:
kilo kumi na moja za waya, na panya mmoja
ambaye Maitén amekataza asisumbuliwe.

Ni Valparaíso, kilima cha mabati na rangi,
ngazi mia mbili na sita kutoka sokoni.
Ada ni ulichonacho. Mimi naleta mishumaa, maana umeme hukatika.
Rayén huleta maandazi ya boga, ya moto, ndani ya gazeti.
Yule kijana asiyetaja jina lake
huleta kompyuta alizookota nyuma ya benki;
moja hadi leo huuliza kila jioni
nywila ya meneja aliyefukuzwa.

Hakuna alama. Hakuna cheti.
Dada yangu hupiga simu kutoka Santiago:
"Na miaka yako hamsini na miwili, atakuajiri nani?"
Namwambia jana nimechora maduara elfu moja
na hakuna hata moja lililofanana na mwenzake.
Ananyamaza. Nasikia anamenya viazi.

Wiki ya kwanza nilisahau alama moja,
kijistari tu, chembamba kama mguu wa sisimizi,
na mvua niliyoiamuru inyeshe
ikapanda.
Ikatoka kwenye madimbwi, ikapita mapaa, ikarudi mawinguni kwao.
Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.
Maitén akaushika mkono wangu.
"Usifute. Iulize kwanza inakwenda wapi."

Nilidhani ni maneno ya walimu, basi.

Don Nibaldo aliendesha lifti ya kilima miaka thelathini na minane,
kile kibanda cha mbao kinachovutwa kwa kamba ya chuma,
juu, chini, juu, chini,
hadi manispaa ilipoifunga kwa kufuli na tangazo.
Vidole vyake vinene: kila herufi huja na jirani yake.
Sisi tulichora makundi ya samaki, nyuso zinazoyeyuka,
bustani zinazochanua ukipiga makofi.
Yeye, mwezi mzima: mstari mmoja wa mshazari
na kisanduku cha njano.
Kisanduku kinapanda. Kinashuka.
Sekunde themanini, hazizidi, hazipungui.
Yule kijana akacheka: "Ndiyo hiyo tu, mzee?"

Mzee hakumjibu. Alimwita Maitén,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dawa:
"Kusubiri kunaandikwaje?"

Neno moja. Mabano. Tarakimu.
Akaandika, akafuta, akaandika tena.
Kisanduku kikapanda, kikafika juu,
kikasimama.
Kikaendelea kusimama.
Tukajua mashine imeganda; Rayén akaipiga kofi ubavuni.
"Iacheni," akasema Nibaldo. "Inamsubiri Doña Eduvigis
wa nyumba ya bluu. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu.
Kila siku, saa moja na dakika tano,
nilimwona akihangaika na ufunguo.
Walinikata mshahara mara tatu kwa ajili ya ufunguo ule."

Kisanduku kikashuka.

Hakuna aliyepiga makofi; tulitazama safari sita, saba,
mshumaa wangu ukaisha, tukatazama gizani,
na kila kilipofika juu kikatulia
nilimwona mwanamke ambaye sijawahi kumwona
akishuka kizingiti, mguu mmoja kwanza.

Jumanne iliyofuata kijana aliwahi kuliko sote.
Alimwomba mzee ruhusa ya kuongeza mstari mmoja.
Alichapa haraka, kama mtu anayetoroka,
kisha akasogea pembeni tusome:

ikiwa taa ya nyumba ya bluu inawaka,
usiondoke.

Na chini yake, kwa rangi ya kijivu,
pale ambapo mashine haisomi na watu husoma,
aliandika jina lake,
Eleuterio.