Kipimo cha Saa Nane

Umerudi na chupa, Mama Ndahani,
umeitua mezani pangu kwa kishindo
mbele ya wateja watatu na kijana wa bodaboda,
ukasema: Sechelela, jana yalifika shingoni,
leo yako mabegani. Nani ameyanywa?

Sikukujibu upesi. Nilikuwa namimina,
na mafuta ya alizeti hayapendi haraka.
Hayarukiruki kama maji. Yanashuka uzi mmoja,
uzi unajikunja, unalala juu ya mwenzake, unapotea.
Anayemimina huku anajitetea
humwaga vyote viwili.

Sasa sikia.
Ulinunua saa nane. Dumu langu la njano
lilikuwa limeota jua tangu soko lifunguliwe,
mpini wake haushikiki.
Nikakujazia hadi shingoni, tukaziba kwa gunzi,
ukaenda nayo Sejeli.
Usiku ukaja ule upepo wa Julai
unaopenya hata ukuta wa tembe.
Ulilalaje, mama? Usinifiche.
Ulijikunja. Magoti kifuani, mikono katikati ya mapaja,
kitanda cha watu wawili ukakitumia robo.
Asubuhi ulikuwa umepungua kilo ngapi?
Basi na mafuta yalilala hivyo hivyo.

Bodaboda akacheka. Wewe hukucheka.

Nikachukua mkaa, nikachora mstari begani mwa chupa,
nikaiweka juu ya bati, nikakupa kigoda.
Saa tatu. Saa nne. Ulihesabu malori ya mahindi
yakiingia Kibaigwa matupu na kutoka yameinama.
Saa tano ukasema mstari umeshuka,
na mstari ni wa mkaa, hauna miguu.

Daftari la mwanangu Nyemo, darasa la sita, linasema:
kimiminika hakina umbo, kina ujazo.
Mwalimu ametia vema nyekundu.
Sitaki kubishana na mwalimu, ila hajawahi kuuza mafuta.
Umbo, kweli, hayana: kwenye dumu ni dumu,
kwenye kijiko ni kijiko,
kwenye kanga yangu ni doa lisilosikia sabuni.
Lakini ujazo ndio huo, unauona unatambaa shingoni
polepole, kama mtu anayeamka
na hataki kuamsha wengine.

Saa nane yalikuwa pale pale ulipoyaona jana.
Nikawageukia wateja, mikono juu.
Nilitaka kusema: nimeshinda.

Ndipo hesabu ikanigeukia.
Mimi hununua alfajiri, kwa Chilongani mwenye mashine,
dumu la lita ishirini,
mafuta yakiwa yamejikunja kwa baridi.
Nauza mchana, yakiwa yamejinyoosha.
Na kila dumu, nikishapima lita zote ishirini,
huwa kinazidi kiasi, kama chupa ya soda,
na kwa miaka minne
nimekuwa nikikiita kile kiasi baraka.

Hukupunjwa, Mama Ndahani.
Hukupunjwa na mimi.
Hukupunjwa kwa kukusudia.
Unaniona ninavyorudi nyuma,
kama lori linalotafuta pa kugeuzia.

Lete chupa.
Nakuongezea vijiko viwili, na siyo kwa sababu
uliniita mwizi kwa macho.
Na wewe kijana, kabla hujawasha hiyo pikipiki,
nisaidie tulisogeze dumu chini ya turubai.
Kesho watakaokuja saa nane wataniuliza
mbona mafuta yangu siku hizi yana baridi.
Sijui nitawaambia nini.

Njiani, mama, usilikaze sana hilo gunzi.
Jua bado lipo,
na hayo yaliyomo humo
hayajamaliza kujinyoosha.