Kamba ya Mita Ishirini

Tulivuta kamba toka mtoni hadi mteremkoni,
mimi ncha hii, Lomuria ncha ile.
Mto wenyewe mchanga mtupu.
Kidepo: miezi tisa kwa mwaka
kinachopita humo ni kwato.

Hapa chini, mivumo. Imejipanga ukingoni
kama watu waliosikia maji yakinong'ona chini ya ardhi,
hawabanduki mpaka wasikie mwisho wa habari.
Chimba urefu wa mkono, mchanga unatoa jasho.
Andika, nikasema. Mivumo kumi na mmoja.

Hatua arobaini juu, hakuna hata mmoja.
Juu huko ni mawe, na upepo wa mashariki
unaokausha mate kabla hujayameza.
Mgunga umepunguza majani, ukaongeza miba,
hesabu ya mwenye duka mwaka wa hasara.
Kimo: goti langu.
Bondeni mgunga huohuo, mbegu hiyohiyo,
twiga anauinulia shingo.

Kisha mjunju, ekorete kwa mama,
kijani peke yake, kama aliyesahau kuambiwa ni kiangazi.
Majani yake mama aliyachemsha mara tatu
kuutoa uchungu, akala, akanyonyesha.
Mwaka huo ndio wa Lomuria.
Mimi ni wa mwaka wa mafuriko,
lori la posho likazama Karenga hadi milangoni,
na maziwa yakamwagwa kwa kukosa vibuyu.

Dukani watu huuliza, mkubwa nani?
Mkubwa ni yeye. Ananifika begani.

Adhuhuri tuliiona mvua, safi kabisa, upande wa Narus,
inawanyeshea wengine.
Hatukusema kitu. Kamba ililegea, akaikaza.

"Mizizi tunaandika wapi?" akauliza,
amechutama kando ya kile kimgunga cha goti.
Fomu haina mstari wa mizizi, nikamwambia.
Ina kimo, ina unene, ina "hai" au "mfu".

Akachukua jembe hata hivyo.
Goti. Kiuno. Kifua, chake, si changu.
Jua likahamia mgongoni kwetu,
mbuzi wa mtu wakaja kutazama shimo,
mpini ukavunjika.

Mzizi, mnene kama kidole gumba,
ulikuwa bado unashuka.

Lomuria akapangusa penseli kwenye suruali,
akaandika pembezoni, nje ya mistari yote:
*chini, hatukufika.*