Njia Sita na Nusu

Wiki ya kwanza nilikosea kila kitu.
Nilikukaangia vitumbua, ukala kimoja kwa adabu,
kile kidogo, kilichoungua.
Nikakununulia gauni Manzese, likakubana kwapani.
Nikakuuliza saba mara nane ni ngapi,
ukanijibu bila kunitazama, nami nikanyamaza,
maana jibu lenyewe sikuwa na hakika nalo.

Ilhamu, mtoto wa Goba,
ulikuja Mabibo na begi la magurudumu
likakwama kwenye mchanga wa uchochoro wetu.
Ulishika simu kama mgonjwa ashikavyo kadi ya kliniki,
nami nimekaa kwenye kigoda changu
nautafuta mlango wako, nibishe wapi.

Umeme ndio ulionifaa.
Ulikatika tangu asubuhi; saa tisa simu ikaisha chaji,
ukatoka uani ukanikuta nimefumua kichwa,
mvi zimetapakaa kama pamba iliyopasua gunia
(miaka kumi na tisa kiwandani Urafiki, pamba naijua).
"Bibi, nikusuke?"
"Unajua?"
"Sijui."
"Haya, vuta kiti."

Jamani, mtoto una vidole vya koleo!
Unavuta, nafumba macho.
Unapotea, unafumua, unaanza upya,
unauliza mtindo huu unaitwaje.
"Twende kilioni."
Mkono ukasita. "Kwani nani amekufa?"
"Hajafa mtu. Ni jina tu."
Kisha, kwa kuwa ulikuwa huuoni uso wangu,
nikakusimulia habari za babu yako, mume wetu,
alivyokuwa akikoroma hadi jirani anagonga ukuta,
na yeye, usingizini, anasema karibu.
Ukacheka, ukanipiga chanuo la bega:
"Mke mwenzangu, tulia!"

Mke mwenzangu.
Nilikuita hivyo ukiwa na siku saba, umefungwa khanga,
na miaka yote hii nikadhani neno lile
lilipeperuka na moshi wa ubani.

Baba yako hakuwahi kukigusa kichwa changu.
Zamu ya mchana, nikirudi kalala.
Zamu ya usiku, nikirudi keshakwenda shule.
Kukua kwake nilikujulia kwenye suruali,
zilivyokuwa zikipanda juu ya kifundo cha mguu.
Hili sikukwambia. Lilinifika kooni
ulipokuwa kwenye njia ya tano,
nikaomba maji.

Ya saba ilikuwa haijafika utosini
honi ikalia nje: baba yako, anaiogopa foleni ya Mwenge.
Ukakimbia na begi lako, na chanuo langu
nikaliona likichungulia mfukoni mwako.
Sikulidai.

Alhamisi nikaenda kwenye kikoba hivyo hivyo.
Nikauvua mtandio mlangoni, makusudi.
Mama Sikudhani akashika mdomo:
"Shoga! Umepigana na nani?"
Walicheka hata sanduku la hisa likasahauliwa wazi.
Njia ya kwanza imekwenda Ubungo,
ya pili imekusudia Kigogo ikaghairi,
na ile nusu, nywele zimesimama wima
kama zinaulizia mtu.
Bi Mwanahawa, mwenye mkono mwepesi, akasogeza mkeka:
"Njoo nikumalizie, dakika mbili tu."

Nikakifunika kichwa kwa viganja vyote viwili.
"Usiguse," nikamwambia.
"Hiyo ina mwenyewe."